Mhusika wangu wa Morrowind amekataliwa na msimulizi: nifanyeje usuli wake uaminike?

Mwana wa Dunga (Kisumu)

Habari zenu, ndugu na dada. Sisi ni kikundi cha watu watano tunaokutana kila Jumamosi alasiri hapa Kisumu kucheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu. Kanuni tunazozifuata ni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, zile za mwaka 2014, lakini ulimwengu tuliouchagua ni wa mchezo wa kompyuta uitwao Skyrim, kwa sababu sote tuliucheza kwenye kompyuta tangu shule ya upili na tunaufahamu kuliko mwingine wowote. Masimulizi yetu yanaanza mwaka wa 201 wa Enzi ya Nne, kwa kalenda ya ulimwengu ule, katika mji wa Windhelm ulioko nchi ya Skyrim.

Mhusika wangu anaitwa Feralen. Ni Dunmer, yaani mmoja wa wale watu wa Morrowind, nchi jirani ya Skyrim, wenye ngozi ya kijivu na macho mekundu, naye ana umri wa miaka 60 na ni hodari wa upinde. Nimeuandika usuli wake, yaani habari za maisha yake kabla ya mchezo kuanza, kwa kurasa 11. Nilijitahidi kuingiza kila nililolisoma katika vitabu vilivyomo ndani ya mchezo ule: mlipuko wa Mlima Mwekundu, uvamizi wa Waargonia, wale watu wenye umbo la mijusi, Vita Kuu, na mkataba uliopiga marufuku ibada ya Talos, mungu wa Wanord wa Skyrim. Feralen ameyaona yote hayo kwa macho yake, akampoteza baba katika moja na ndugu katika jingine.

Msimulizi wetu, yaani anayeuongoza mchezo, alizisoma kurasa zote kimya, kisha akanirudishia akisema kwamba sasa anaijua vyema historia ya Morrowind, ila Feralen bado hajamjua. Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa nilifanya kazi ile majuma matatu, na yaliniuma zaidi kwa kuwa nadhani ni ya kweli. Naomba mwenye uzoefu anieleze: mtu hutumiaje historia ya ulimwengu wa mchezo kumjenga mhusika, bila ya historia hiyo kummeza?

Msimulizi wa Menengai (Nakuru)

Pole kwa kurudishiwa kazi, lakini msimulizi wenu amekutendea wema. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo pa kwanza palipovuja. Mlima Mwekundu ulilipuka mwaka wa 5 wa Enzi ya Nne. Mtu mwenye miaka 60 katika mwaka wa 201 alizaliwa mwaka wa 141, yaani miaka 136 baada ya mlipuko. Waargonia nao waliingia Morrowind mara tu baada ya maafa hayo. Feralen hakuyaona mambo haya, wala baba yake hakufia humo. Vita Kuu ndivyo anavyoweza kuvikumbuka mwenyewe, kwa sababu vilianza mwaka wa 171, alipokuwa na miaka 30, vikaisha mwaka wa 175.

Najua utasema kwamba dawa ni kumwongezea umri, kwa kuwa Dunmer huishi muda mrefu sana. Nakusihi usifanye hivyo. Mtu aliyeliona tukio hulisimulia kama shahidi mahakamani, lakini mtu aliyelirithi analo mwilini bila kujua limetoka wapi. Sisi tuliokulia Nakuru tuliambiwa tangu utotoni habari za Wamaasai wa Ilaikipiak walioshindwa vitani katika karne ya 19 na kutupwa ndani ya shimo la Menengai, na kwamba mvuke unaofuka kule chini ni roho zao zinazotafuta njia ya kutoka. Hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeviona vita hivyo, na wala sisi si Wamaasai. Hata hivyo, mama yangu hakuturuhusu kukaa ukingoni jua likishakuchwa, na mimi hadi leo, nikiwa mtu mzima mwenye mke, huondoka pale saa kumi na moja jioni bila kuamua kuondoka. Habari ile ilinifikia ikiwa katazo. Jiulize, basi, ni makatazo gani yaliyokuwa nyumbani kwa Feralen. Labda nyanya yake, aliyekuwa msichana wakati wa mlipuko, hakuruhusu moto uzimwe kwa maji, kwa sababu harufu ya majivu mabichi ilimrudisha mahali asipotaka kurudi. Ukiandika hilo, huna haja ya kuutaja mlima.

Vita Kuu nivipitie kwa haraka. Vilipiganwa mbali, Cyrodiil na Hammerfell, na mkazi wa mtaa wa maskini huko Windhelm huenda aliviona kwa upande mmoja tu, kwamba Wanord wengi waliondoka na kazi za kubeba mizigo bandarini zikapatikana kwa urahisi. Hilo ni jambo la kuaibisha kidogo kulikumbuka, na kwa hiyo linafaa.

Nyar Alego (Siaya)

Nakubaliana na kaka wa Nakuru kuhusu hesabu na kuhusu nyanya, ila nadhani ameishia mlangoni. Katazo hueleza tabia, lakini halimpi mtu sababu ya kufunga mizigo na kuondoka mjini, na mhusika wa mchezo lazima aondoke. Mimi hutafuta deni. Kila tukio kubwa katika historia ya ulimwengu ule huiachia familia wajibu fulani ambao haiwezi kuutimiza, na ukishaupata wajibu huo, mhusika amekwisha kuzaliwa.

Tazama lile ambalo Dunmer wanalithamini kuliko yote. Wao huwaheshimu wazee wao waliofariki, na katika kisiwa cha Vvardenfell huko Morrowind, ulipo Mlima Mwekundu, kila ukoo ulikuwa na makaburi yake, mahali ambapo mifupa na majivu ya wafu yalitunzwa na roho zao zilikaa kulinda. Kisha mlima ukalipuka. Walionusurika walikimbilia Skyrim, na baadaye, mwaka wa 16, wakapewa pia kisiwa cha Solstheim. Watu waliweza kukimbia, lakini makaburi hayakimbii. Sasa nyanya wa Feralen amefariki Windhelm. Amewekwa wapi? Mji ule una Jumba la Wafu moja, nalo liko chini ya kuhani Mnord wa mungu Arkay. Kwa hiyo mwanamke yule amelala miongoni mwa watu waliomwita mgeni maisha yake yote, chini ya mungu ambaye si wake, akiwa mbali na mama yake mzazi.

Ndugu yangu, wewe unatoka Kisumu, kwa hiyo sihitaji kukueleza uzito wa jambo hili. Umekuwa matangani. Umesikia wazee wakibishana mwili urudishwe wapi, na nani atachangia gari. Nchi nzima iliifuatilia kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, na ambaye mjane wake alitaka azikwe karibu na Nairobi huku ukoo wake wa Umira Kager ukidai arudi nyumbani. Alizikwa Nyalgunga, hapa Siaya, mwezi Mei 1987, baada ya miezi mitano ya mahakama. Pande zote mbili zilimpenda marehemu, na zote mbili zilikuwa na hoja. Usichukue majina ya kesi ile wala mila zetu ukazivisha nguo za Morrowind, kwa kuwa Dunmer wana taratibu zao na ni vizuri uziheshimu. Chukua uzito tu. Baba yake Feralen alimwahidi nyanya kwamba atampeleka nyumbani, akasema mwakani, akasema baada ya mavuno, akafariki naye kabla ya kuondoka. Ahadi imebaki mikononi mwa Feralen.

Liko na jambo la dini ambalo wengi hulipita. Nyanya alizaliwa karibu na mwisho wa Enzi ya Tatu au mwanzoni mwa Enzi ya Nne, akalelewa na watu waliowaabudu Almalexia, Sotha Sil na Vivec, miungu watatu wa Dunmer wa wakati ule. Baada ya maafa, hekalu lilibadilika na kuwarudia miungu wa kale zaidi, Azura, Boethiah na Mephala. Mjukuu amefundishwa kumwomba Azura, na huenda akiwa mtoto alimsikia nyanya usiku akilitaja jina la Vivec, akaona haya mbele ya wenzake. Sasa amzike kwa sala ipi? Swali hilo peke yake lina thamani kuliko kurasa zako 11, nami nasema hivyo kwa upendo.

Dadu la Mulembe (Bungoma)

Mawazo ya dada wa Alego yamenigusa, na sitaki kuyapunguza. Ninachoogopa ni kwamba Feralen sasa amekuwa mtu mwema mno: mwana wa wakimbizi, mwenye ahadi takatifu, anayedhulumiwa na Wanord. Mtu wa namna hiyo huchosha mezani baada ya vikao viwili. Karatasi ya mhusika katika toleo la mwaka 2014 ina nafasi ya kasoro, na wachezaji wengi huandika pale kwamba mhusika anapenda pombe, wakaendelea. Kasoro ya kweli iko ndani ya historia yenyewe, tena ile sehemu ambayo watu wake hawapendi kuisimulia.

Katika Windhelm, Waargonia hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta. Wanakaa bandarini na kulipwa kidogo kuliko Wanord kwa kazi ileile. Dunmer wa Mtaa wa Kijivu, ule mtaa wao wa maskini, ambao nao wanatukanwa usiku na walevi wa Kinord, wangepaswa kuwaelewa. Lakini nyumbani kwa Feralen husemwa kwamba Waargonia walitujia na mikuki tulipokuwa chini ya majivu, tukiwa hatuna pumzi ya kujitetea. Hilo ni kweli. Lisilosemwa ni kwamba kabla ya hapo, kwa vizazi vingi, Dunmer waliwakamata Waargonia na kuwatumikisha kama watumwa katika mashamba yao. Kijana aliyelelewa kwa nusu hiyo ya habari atafanya kazi bandarini bega kwa bega na Mwargonia, atakula naye, na bado hatamkabidhi funguo. Mwache awe hivyo. Usimrekebishe katika usuli, kwa sababu kurekebishwa kwake ndiyo kazi ya mchezo.

Pia kumbuka kwamba wakazi wa mtaa mmoja hawasemi kwa sauti moja. Nje ya kuta kuna Dunmer mwenye shamba, Belyn Hlaalu, anayeona kwamba wenzake wa mtaani wanalalamika kupita kiasi. Mpe Feralen mjomba mwenye mawazo ya namna hiyo.

Kuhusu marufuku ya Talos, ningekushauri uiondoe kabisa, kwa kuwa haimhusu Dunmer. Mimi niliitumia kwa mhusika wangu Mnord, na nilijifunza mengi kwa kuwasikiliza wazee wa Kimilili wakieleza habari za Elijah Masinde na Dini ya Msambwa, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948. Niligundua kwamba nilikuwa nimeandika ibada ya siri kwa pupa, mashimo na mishumaa kila mahali, ilhali dini inapokatazwa kinachobadilika kwanza ni nani unamwamkia hadharani na nani unapita kama humjui. Basi Mnord wangu hana sanamu hata moja. Ana rafiki mmoja ambaye hamsalimii sokoni.

Mwana wa Dunga (Kisumu)

Nimewasoma mara tatu, na nimeziweka kando zile kurasa 11. Jana usiku niliandika upya, na hiki ndicho kipande cha mwanzo:

“Nyanya alifariki wakati wa theluji, nikiwa na miaka 19. Kwa kuwa baba hakuwa na fedha za nauli ya chombo cha baharini, tulimpeleka katika Jumba la Wafu, na kuhani akatuuliza jina lake mara mbili, akaliandika vibaya mara mbili. Baba alisema ni kwa msimu mmoja tu. Misimu imepita zaidi ya 40. Baba naye yupo mle sasa, rafu ya chini yake, na kila ninapokwenda kuwatazama hujikuta nikimwamkia yeye kwanza, kwa sababu nyanya bado ananiangalia. Chombo kipo bandarini. Anayekipakia mizigo ni Mwargonia ambaye nimefanya naye kazi miaka sita. Amesema anaweza kuniingiza bila nauli. Sijampa jibu, kwa kuwa sijawahi kumwachia Mwargonia chochote nikipendacho.”

Ninalo swali moja la ukweli wa ulimwengu wenyewe. Je, Feralen anaweza kufika Vvardenfell kutoka Windhelm?

Msimulizi wa Menengai (Nakuru)

Sasa ninamwona mtu. Kuhusu swali lako, katika mchezo chombo kinachotoka bandari ya Windhelm huenda Raven Rock, kwenye pwani ya kusini ya Solstheim. Hapo kuna Dunmer wenzake, kuna hekalu lenye makaburi, na kuna ukuta mkubwa uliojengwa kuzuia dhoruba za majivu. Ng’ambo ya maji Mlima Mwekundu unaonekana ukifuka moshi hadi mwaka huo wa 201. Usimvushe zaidi ya hapo katika usuli. Mwambie msimulizi wako kwamba Feralen anaamini chombo kinafika nyumbani, na umwache agundue mwenyewe akiwa pwani, na majivu ya nyanya mkononi, kwamba kimemfikisha mahali pa kuutazama mlima tu.

Nyar Alego (Siaya)

Umeandika kwamba kuhani alilikosea jina la nyanya mara mbili, lakini sisi hatujaambiwa jina hilo. Anaitwa nani, na alitoka kijiji gani?

Mwana wa Dunga (Kisumu)

Nilikuwa sijampa jina, dada. Anaitwa Idrasi, na alitoka Gnisis. Mtaani kuna klabu ya pombe iliyopewa jina la kijiji hicho, New Gnisis, na nimeamua kwamba hakuwahi kuingia humo hata siku moja.