Jaji wa poni leo kanidhalilisha mbele ya uwanja mzima, ati "sisi huku farasi tunawalisha"!!!

Binti_Pangani:
Jamani nimetoka uwanjani sasa hivi, mabuti bado yana matope na mikono inatetemeka, nisipoandika hapa nitapasuka. Mnamjua. Mlioko huku Uingereza mkawahi kukanyaga maonyesho ya poni hata mara moja mnamjua, yule bibi wa kofia yenye unyoya, anatembea kama nchi nzima kaachiwa urithi na babu yake. Simtaji. Hahitaji kutajwa.

Kwa wasionijua mimi ni saisi, mwaka wa saba huu nalea farasi wa watu. Leo nimempeleka poni wa bosi wangu kwenye kundi la watoto wadogo, lile mtoto anapanda juu na mtu mzima unamwongoza poni kwa kamba. Poni mwenyewe ni wa Wales, wale wadogo kabisa wasiozidi sentimita 122 begani, jike, mweupe, namwita Kashata. Mtoto ana miaka mitano, kakaa vizuri, Kashata katembea kama maji. Tukafika ile sehemu ya kuvua tandiko jaji anapita kwa mmoja mmoja kukagua umbo. Kafika kwetu. Kamtia Kashata vidole viwili ubavuni, kakunja uso kama kashika kitu cha chooni, halafu hakumwangalia poni tena, kaniangalia MIMI, juu mpaka chini, akasema kwa sauti mpaka muuza aiskrimu kageuka: "Sisi huku farasi tunawalisha."

Sisi huku. Yaani mimi wa kule, tusiolisha. Mtoto yupo anasikia, mama yake yupo anasikia, na mimi nimeshika kamba siwezi hata kuondoka maana ukitoka kwenye mstari umejitoa mashindano.

Na unajua wa kwanza kampa nani? Pipa. Sikilizeni, mvua ilikuwa imenyesha kidogo, yule poni maji yamesimama mgongoni, kuna mfereji katikati ya mafuta ya kulia na ya kushoto, ungeweza kunawa mikono pale ukala ugali. Shingoni ana nundu la mafuta limeanza kulalia upande, akitembea linacheza kama jeli ya bethdei. Mbavu? Leta mashine za kutafutia dhahabu kule Geita, huzipati. Karibu na mkia ana mito miwili ya kulalia wageni. Mizunguko miwili tu ya mwendo wa taratibu, kalowa jasho kama katoka Kibaha kwa miguu na gunia kichwani. Na wanampigia makofi, "ana umbo", umbo gani jamani, ule ni unene! Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Kashata wa nane kati ya nane.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini inaniuma. Miaka miwili iliyopita Kashata alikuwa kama hao. Kanona, anang'aa, utepe mwekundu kila Jumapili (huku mwekundu ndiyo wa kwanza). Asubuhi moja ya mwezi wa tano naingia bandani nakuta kasimama vibaya, miguu ya mbele kaisukuma mbele, uzito wote kaurudisha kwenye visigino vya nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa anatafuta pa kuegemea. Nikashika kwato, za moto. Nikaweka kidole nyuma ya kifundo, ule mshipa unapiga du du du, kawaida unautafuta mpaka unakata tamaa. Nikamwambia sogea mama, akajaribu hatua moja akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia tena. Laminaitisi, ule ugonjwa wa kwato kuvimba kwa ndani. Daktari kapiga eksirei, mfupa ndani ya kwato umeanza kuinama. Akasema ukiendelea kuinama unaweza kutoboa unyayo, na hapo hakuna dawa, ni sindano ya mwisho. Nimekaa naye siku ya kwanza kutwa nzima miguu ipo kwenye ndoo za barafu, vidole vyangu vimekufa ganzi, yeye kaniwekea kichwa begani.

Tukaanza upya. Majani makavu naloweka usiku kucha sukari itoke, yale maji yanatoka ya kahawia kama chai ya rangi, namwaga, ndipo anakula. Napima kwa mizani, si kwa macho. Malishoni anavaa kifunika mdomo chenye tundu dogo. Kila Jumatatu utepe wa kupimia uzito unapita kifuani, naandika kwenye daftari. Katoka kilo 268 mpaka 221 kwa miezi kumi na moja. MIEZI KUMI NA MOJA. Halafu mtu anakuja na vidole viwili ananiambia sisi huku farasi tunawalisha!

Mbavu za farasi hutakiwi kuziona lakini ukipapasa uzikute. Nyoosha mkono wako upapase mgongo wa kiganja, ule ugumu chini ya ngozi, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukikunja ngumi ukapapasa vifundo, ukikuta mbavu ziko hivyo huyo kakonda. Ukipapasa ile nyama laini chini ya kidole gumba, huyo kanona. Mtoto wa miaka mitano anajua, nimemfundisha mwenyewe. Jaji aliyekaa kwenye kazi miaka thelathini hajui.

Mtoto ndani ya gari kaniuliza, "kwa hiyo Kashata tumemnyima chakula?" Nimekosa la kumjibu.

Chalii_wa_Ara:
Nimesoma yote nikitegemea mbele kuna mwizi au mchepuko. Kumbe poni.

Kibonge_Halisi:
Dada umeniumiza, "mito miwili ya kulalia wageni" mimi ninayo na mume wangu hajalalamika

MzeeWaKahawa:
Pole sana binti yangu. Lakini na wewe, mtu anakutukana hivyo unanyamaza? Sisi zamani ungemjibu hapohapo.

Binti_Pangani:
Mzee wangu shikamoo. Ningemjibu vipi, pale jaji ndiye Mungu, hakuna mjadala, na bosi wangu anataka mwakani Kashata apate nafasi ya kwenda Birmingham kwenye Horse of the Year Show, yale mashindano makubwa ya farasi. Nikifungua mdomo tumekwisha. Nimemeza. "Sisi huku farasi tunawalisha" nimeimeza nzima kama fupa la samaki na bado iko hapa kooni.

Dk_Mifugo:
Mleta uzi yuko sahihi, msimcheke. Hawa poni asili yao milima ya Wales, baridi, majani machache, mwili umejengwa kuhifadhi. Majira ya baridi anatakiwa apungue, akifika mwezi wa nne majani mapya yanamkuta ana nafasi. Sasa watu wanamvisha blanketi, wanamjazia nafaka ili ang'ae kwenye maonyesho, anaingia mwezi wa nne bado kanona, anaongezewa sukari ya majani mabichi juu yake. Insulini inapanda, ile nyama inayoshikilia mfupa na ukuta wa kwato inaachia. Kipimo cha unene wa farasi wanachotumia sana Uingereza ni 0 mpaka 5, mzuri yuko katikati pale. Hao washindi aliowaeleza naona wako 4 na kuendelea.

Chalii_wa_Ara:
Doktaa sasa mbona majaji wanawapa ushindi?

Dk_Mifugo:
Kwa sababu mafuta yanaziba kasoro. Bega baya, mgongo mrefu, vyote vinajaa vinakuwa mviringo, macho yanafurahi. Jaji akishazoea huo mviringo akiona poni wa kawaida anaona mgonjwa. Na mfugaji naye akiona wanene wanashinda, anarudi nyumbani kuongeza ndoo.

Binti_Pangani:
ASANTE DAKTARI. Halafu sheria ipo! Sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 kwa England na Wales inasema mwenye mnyama ampe chakula kinachomfaa, na kinachomfaa siyo kingi. Ukimkondesha watu wanapiga simu, wanakuja kukukagua. Ukimnenepesha mpaka kwato zinamwachia unapewa kikombe na picha. Na saisi aliyemponya anaambiwa sisi huku tunalisha!

Mwana_Amu:
Nyinyi mwalilia poni kunona, njooni Lamu muone punda. Mjini kwetu vichochoro vyembamba, kila jiwe, mchanga, simiti, vyabebwa na punda. Jirani yangu, na watu wa Langoni wamjua, punda wake ana kidonda mgongoni sawa na sahani ya pilau, na bado amuwekea mifuko miwili juu yake. Nikamwambia mpeleke kliniki ya punda pale ufukweni, iko tangu miaka ya 80, na watibu bure. Anijibu nini? "Punda afe mzigo ufike." Yaani methali ndiyo daktari wake!

Njoro254:
Afadhali wenu wako hai. Shosho yangu aliibiwa punda wawili usiku, asubuhi tukapata mabaki kichakani, ngozi imeenda. Hiyo biashara ya ngozi ya kutengeneza dawa China ilitumaliza. 2020 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuchinja punda, 2021 korti ikafungua, hadi Umoja wa Afrika ukakataza 2024. Shosho saa hii anabeba maji kwa mgongo. Nani atamlipa? Na kuna mtu hapo kijijini kila mtu anajua alinunua pikipiki wiki hiyo hiyo, sisemi kitu.

Binti_Pangani:
Poleni sana nyote, kweli. Lakini turudi kwa huyu jaji

MamaSalim_Maskati:
Habibti, majaji wa huko hata ni afadhali. Huku Ghuba kuna mashindano ya urembo wa ngamia. Saudia mwaka 2021 waliondoa ngamia zaidi ya arobaini kwa kupigwa botoksi, midomo inajazwa, inavutwa, ili iwe minene inaning'inia! Mume wangu ana binamu yake alinunua ngamia kwa pesa za kujengea nyumba, wakaambiwa ni malkia, kufika nyumbani mwezi wa pili mdomo ukapwaya kama puto la Idi. Mpaka leo hatuongei na aliyemuuzia, na kila mtu hapa Maskati anamjua.

Kibonge_Halisi:
Ngamia kawekwa botoksi na mimi hata losheni ya maana sina

MzeeWaKahawa:
Kosa ni letu wote. Ukienda Nane Nane dume la kwanza ni lile linalovuta pumzi kama treni ya zamani. Tumezoea kunona ndiyo afya.

Dk_Mifugo:
Mzee, dume la nyama linauzwa kwa kilo, linachinjwa kabla miguu haijalalamika. Poni anaishi miaka thelathini na kwato zilezile nne. Haviendani.

Shemeji_Reading:
Hiyo "sisi huku tunalisha" mimi niliambiwa na shangazi yangu mwenyewe! Nimeshuka uwanja wa ndege Dar baada ya miaka minne, nimepungua kilo tisa, natembea nimejaa fahari, shangazi akanishika shavu mbele ya ukoo mzima: "masikini, huko hawakulishi?" Halafu kamgeukia mke wangu akamwangalia. Mke wangu hajamsamehe mpaka leo.

Kibonge_Halisi:
Mashangazi wana kitengo chao motoni. Mimi nikinenepa "umependeza, ndoa imekukubali", nikipungua "unaumwa?" Hakuna uzito unaokubalika.

Njoro254:
Wako anakuambia umependeza? Wangu ananiuliza nimeleta nini kabla sijatoa viatu

Binti_Pangani:
Nisikilizeni, nimerudi bandani sasa hivi. Kashata kanipokea mlangoni, kageuka bila kuegemea, kwato baridi, mshipa nimeutafuta nimekosa. Kamaliza majani yake yote ya kuloweka. Kesho naandika barua kwa waandaaji, bosi kakubali kuisaini, naambatanisha eksirei na daftari langu lote la uzito, kurasa kumi na moja. Nataka wamsomee yule bibi. Kuna anayejua kuandika Kiingereza cha barua kinachouma bila matusi? Daktari upo?

Shemeji_Reading:
Tena afadhali aulize umeleta nini. Shangazi yangu anatuma orodha. Mwaka jana kaagiza blenda, mapazia, na sufuria seti. Kilo 23 za ndege unajua zilivyo!

MamaSalim_Maskati:
Blenda ndogo. Mimi wifi yangu kataka kapeti.

Chalii_wa_Ara:
Kapeti?? Ya kukunja au ya kupaa?

MamaSalim_Maskati:
Ya sebule! Mita tatu kwa nne! Na akasema "si mnakaa nchi za mafuta".

Mwana_Amu:
Na ukirudi nao wakupa mzigo wa kupeleka. Mimi nilibebeshwa achari ya maembe lita tano, ikamwagika kwenye kanzu ya harusi. Aliyenipa mpaka leo adai chupa yake.

Shemeji_Reading:
Speaking ya mizigo, kuna mtu anaenda Dar kabla ya tarehe 20 ana kilo mbili tatu za ziada? Ni dawa za bi mkubwa na viatu vya mtoto. Naja inbox.