Tupeane uzoefu: kuwafundisha watoto alama za Taifa nyumbani kwa kazi za mikono

Mwalimu wa Ujiji

Wazazi na walezi wa Kigoma mnaofundisha watoto nyumbani, iwe mwaka mzima au wakati wa likizo, tukusanye hapa njia za kufundisha bendera, nembo na alama nyingine za Taifa. Tuandike vifaa, vipimo na makosa yanayojitokeza. Mtoto akikariri kwamba kijani ni uoto na ardhi, njano ni madini, nyeusi ni watu na bluu ni maji, husahau upesi. Akiipima bendera mwenyewe, hasahau.

Naanza na bendera ya karatasi. Kata manila nyeupe sm 45 kwa sm 30, maana uwiano wa bendera yetu ni 3 kwa 2. Mlingoti uwe kushoto. Piga ulalo kwa penseli kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia.

Hapa ndipo watoto wengi wanapokosea. Wanaweka rula kwenye ukingo wa juu, wanahesabu sm 4, na mkanda mweusi unatoka mwembamba. Upana wa mkanda hupimwa kwa pembe mraba kutoka kwenye ulalo; sm 4 za ukingo mrefu zinatoa upana wa sm 2.2 tu. Kwa mkanda mweusi wa sm 8 na michirizi ya njano ya sm 2 kila upande, weka alama hivi. Ukingo wa kushoto: sm 4.8 na 7.2 kutoka kona ya chini. Ukingo wa juu: sm 7.2 na 10.8 kutoka kona ya kulia. Unganisha 4.8 ya kushoto na 7.2 ya juu, kisha 7.2 ya kushoto na 10.8 ya juu. Chini ya ulalo ni vilevile: ukingo wa chini 7.2 na 10.8 kutoka kona ya kushoto, ukingo wa kulia 4.8 na 7.2 kutoka kona ya juu.

Kuhakiki ni rahisi. Fuatisha pembetatu ya kijani kwenye karatasi nyingine, ikate, izungushe nusu duara bila kuipindua, uilaze juu ya ile ya bluu. Zisipolingana, kuna alama imekosewa.

Mlezi wa Uvinza

Shikamoo Mwalimu. Mtoto akichora mlingoti upande wa kulia, rangi zinakaaje?

Mwalimu wa Ujiji

Marahaba. Kijani hukaa juu, jirani na mlingoti, popote mlingoti ulipo. Mkanda mweusi unaanzia chini ya mlingoti na kupanda kadiri unavyoondoka. Mwambie mtoto atumie kanuni hiyo, asitegemee kushoto na kulia. Bendera iliyopinduliwa utaitambua kwa bluu kuwa juu.

Fundi wa Kibirizi

Kwenye kitambaa matatizo ni mengine. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika mkononi, na pembetatu zote mbili zina upande wa mshazari. Kabla ya kukata, chovya kitambaa kwenye uji mwepesi wa muhogo, anika, piga pasi. Kikishakuwa kikavu na kigumu, mtoto anaweza kukikata bila kukivuta.

Mikanda ikatwe kwa kufuata nyuzi: mweusi upana sm 10, njano mbili sm 4 kila mmoja, urefu sm 60. Hapo sm 1 kila upande ni ya mshono. Shona kwanza njano, nyeusi, njano, piga pasi, ndipo uunge pembetatu. Kila mshono upigwe bandi kwanza, mtoto asikimbilie cherehani. Ncha zinazozidi zikatwe mwisho.

Na tafadhali, upande wa mlingoti msikunje bendera yenyewe kupitisha kamba. Ukikunja sm 3, kona nyeusi ya chini inapotea. Unga mkanda mweupe wa pembeni.

Mama wa Kasulu

Nyongeza kuhusu rangi za nyumbani. Binzari ya manjano, vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita ya maji, chemsha kitambaa cha pamba dakika 20, inatoa njano nzuri. Lakini msikifue kwa sabuni ya mche wala kukigusisha maji ya majivu: njano inageuka wekundu wa kahawia papo hapo. Juani pia inapauka. Bluu ya kufulia haishiki, inatoka majini. Kwa bendera ya kudumu, nunueni vipande vya rangi kwa mafundi wa soko la Mwanga.

Gundi: kikombe kimoja cha unga wa muhogo, koroga kwanza kwenye kikombe cha maji baridi, kisha mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga hadi iwe angavu. Unga ukienda moja kwa moja kwenye maji moto, ni mabonge matupu.

Mwalimu wa Nzega

Natoka Tabora, naomba nichangie nembo. Jengeni kwa matabaka ya boksi, kutoka nyuma kuja mbele: Kilimanjaro kwanza, kisha ngao, pembe mbili za ndovu, mwanamume na mwanamke, mwisho utepe wa Uhuru na Umoja. Ngao ina sehemu nne kutoka juu: dhahabu yenye mwenge, bendera, nyekundu ya udongo wenye rutuba, na mawimbi. Mkuki, jembe na shoka vibandikwe mwisho.

Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni pa mwanamke mpamba. Bandikeni karafuu halisi ya dukani na tumba la pamba. Huku Nzega na Igunga linapatikana shambani. Hapo mtoto anaushika Muungano kwa vidole, visiwani na bara.

Pembe msifinyange kwa udongo wenye waya ndani. Udongo hunywea ukikauka, waya haunywei, kwa hiyo unapasuka. Sokota gazeti kwenye gundi ya muhogo, lipinde, likauke siku mbili.

Mlezi wa Uvinza

Na mlima, kwa mtoto ambaye hajawahi kuuona?

Mwalimu wa Ujiji

Mlinganishe na ziwa analoliona. Chukua sm 1 kwa mita 1,000. Kilimanjaro, mita 5,895, unakuwa sm 5.9 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu sm 0.8, na kwa kuwa kina chake kinafika mita 1,470 hivi, sakafu yake inashuka sm 0.7 chini ya usawa wa bahari. Udongo uchanganywe na mchanga, nne kwa moja, ukaushwe kivulini chini ya gunia bichi siku tatu. Jua la mchana linaupasua kabla mtoto hajapaka rangi.