Gumzo la Ukoo, Busia: TikTok ya mjomba imeingia chama

Mjomba Idi: Jamani hii TikTok yangu imeingia chama gani?? Tangu juzi rangi moja tu, mikutano, hotuba, matusi. Mke wangu kakaa hapa pembeni yangu yeye anaona pilau na harusi za Mombasa

Hamisi: 😂😂 Mjomba si umeilisha mwenyewe

Mjomba Idi: Nimeilisha nini na sijafolo mtu

Shifa: Si lazima ufolo mjomba. Inaangalia unakaa sana kwenye video gani, ukimaliza video ya kampeni ukairudia halafu ukashuka kwenye komenti kugombana na watu, yenyewe haijui umekasirika inajua umekaa tu, basi inakuletea nyingine

Shangazi Zaituni: Na kwa kugombana namjua huyu

Mjomba Idi: Sasa mbona Instagram ya Hamisi imetulia na yeye ndo mtu wa siasa

Hamisi: Hiyo ni habari nyingine. 2024 Meta, wenye Facebook na Instagram, walisema hawakupendekezei tena siasa za watu usiowafolo, wakamwekea kila mtu hivyo bila kumuuliza, ukitaka uziruhusu ujitafutie mwenyewe kwenye setingi. Januari 2025 wakageuka, eti zirudi. Mimi nikaacha yangu kwenye siasa kidogo

Mama Shifa: Kwa hiyo mtu wa California ndo ananipimia siasa

Shifa: Na serikali nayo mama. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wetu wa Uganda, Facebook walifuta akaunti walizosema zina mkono wa wizara ya habari, serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook yenyewe, halafu intaneti yote ikazimwa. Ndo tukajua VPN ya kufungulia Facebook, inakuonyesha kama uko nchi nyingine

Shangazi Zaituni: Kumbe ndo maana naletewa matangazo ya baiskeli za Uholanzi 🤣 wanadhani niko huko

Hamisi: Mimi siku zile laini ya Kenya iliniokoa, unasogea tu karibu na mpaka

Mama Shifa: Lakini afadhali hata kufunga. Wakifunga najua wamefunga, nalalamika. Hao wa kupunguza kimyakimya nitajuaje nimekosa nini

Hamisi: Hapo umesema mama

Shifa: Mjomba shikilia video kidole, bonyeza hupendezwi. Ikishindikana ingia setingi uanzishe feed upya

Mjomba Idi: Nimeanzisha. Imeniletea mbuzi anacheza

Shangazi Zaituni: Sasa komenti usiguse

Mjomba Idi: Sawa dada, ila kuna kijana hapa anadanganya kuhusu barabara yetu ngoja nimjibu huyu tu