Riwaya Uliyoisoma kwa Ajili ya Mtihani Ukairudia Ukubwani: Tupeane Uzoefu

Ndugu wasomaji, salaam. Wengi wetu tulizisoma riwaya za Kiswahili kwa mara ya kwanza tukiwa na kalamu mkononi, tukisaka dhamira na wahusika, na siku mtihani ulipokwisha tukazifunga na kuwaachia wadogo zetu. Ningependa tuelezane ni ipi uliyoirudia baada ya miaka, kilichokufanya uifungue tena ni nini, na ulikuta nini ambacho hapo zamani hukukiona. Kama unasoma nyingine hivi sasa, itaje pia, lakini tafadhali usitupe jina peke yake. Tueleze kwa nini mtu aache shughuli zake aisome.

Naanza mimi, kutoka Morogoro. Kwa wiki mbili sasa narudia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971, ikazuiwa shuleni kwa muda, kisha baadaye ikaja kusomwa na wanafunzi wa sekondari. Nakala niliyo nayo ni ileile niliyoitumia kidato cha tano. Jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, na maandishi yangu ya penseli pembeni mwa kurasa yamefifia, ingawa bado yanasomeka. Nilipofika pale Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, nilikuta nimeandika neno moja tu: "ukali". Neno hilo, pamoja na mengine ya aina yake, lilinipatia alama nzuri.

Safari hii nililazimika kukifunga kitabu kwa muda. Mimi sasa ni baba wa mabinti watatu, na siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimemnyang'anya mkubwa wao simu na kumfokea mbele ya wadogo zake, kabla hata sijamuuliza alikuwa akiandikiana na nani. Kezilahabi hakumchora Zakaria kama zimwi. Ni baba anayedai kulinda heshima ya nyumba ambayo yeye mwenyewe anaivunja kwa pombe, na binti anayetoka katika nyumba hiyo hakufundishwa lolote kuhusu wanaume isipokuwa kuwaogopa, kwa hiyo akishakuwa mbali na fimbo ya baba hana kingine cha kumwongoza. Nikiwa mwanafunzi nilihesabu makosa ya Rosa. Sasa macho yangu hayabanduki kwa baba yake. Naipendekeza kwa kila mzazi, na hasa kwa akina baba, ingawa mwisho wake ni mzito na inafaa ujiandae.

Karibuni.

Kutoka Kitale

Asante, ndugu, kwa kutufungulia njia. Yangu ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Tulioisoma katika shule za upili hapa Kenya tulikuwa tukikariri misemo yake na kuipachika katika insha ili mwalimu aone tumekolea lugha. Kongowea Mswahili anafiwa na mamake, mwimbaji wa taarabu huko Tanga, kisha anafunga safari ya kumtafuta baba asiyemjua, hadi huku kwetu Kitale. Wakati huo nilichofurahia ni kuuona mji wetu umo kitabuni.

Niliirudia Aprili 2020, mwandishi alipofariki, nami nilikuwa nimemzika mama yangu miezi minne kabla. Zile sura za mwanzo, ambazo darasani tulizipita mbio ili tufikie safari, zilinichukua siku tatu. Kila nilipofika mahali ambapo mtoto yule anamkumbuka mamake, nilikiweka kitabu mezani, nikatoka nje kidogo, nikarudi. Hivi sasa nasoma Kufa Kuzikana ya mwandishi huyohuyo, inayohusu urafiki wa vijana wawili ambao jamii zao zimeingia katika uhasama wa kumwaga damu, na kwa mtu wa maeneo yetu, aliyeyaona machafuko ya baada ya uchaguzi ya mwaka 2008, hiyo si hadithi ya mbali.

Kutoka Unguja

Assalaam alaykum. Mimi nataka kuisemea Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, ambayo msingi wake ni mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, na sisi wajukuu tukiibonyeza kwa mchezo naye akituacha. Nilipokuwa nikiikariri Kuli kwa mtihani, babu alikuwa hai, amekaa barazani hatua kumi kutoka nilipokuwa na kitabu changu, nikiandika sababu za mgomo kwa nambari, ya kwanza hadi ya tano. Sikumuuliza neno. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa babu keshatangulia mbele ya haki, na ninaisoma kwa sauti kwa mama yangu baada ya Alasiri, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Tukifika mahali panapoeleza mizigo, mama hunikatiza. Juzi aliniambia kwamba babu akirudi kutoka bandarini hakuwa akiweza kuinua mkono kuvua kanzu, na bibi ndiye aliyekuwa akimvua. Nimelinunua daftari, nikiisoma huku naandika ya mama. Mwenye mzee wake nyumbani aliyeyaishi yaliyomo katika riwaya fulani, namwomba aianze riwaya hiyo leo, na asiisome peke yake.

Kutoka Mwanza

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini ninaomba tusiulaumu mtihani kupita kiasi. Nafundisha Kiswahili katika sekondari ya kijijini, na bila mtihani wanafunzi wangu wengi wasingeshika riwaya maishani mwao. Huwa tuna nakala moja kwa wanafunzi sita au saba, kwa hiyo husoma mmoja na wengine wakasikiliza.

Riwaya ninayoirudia kila mwaka, na ambayo nilichelewa kuisoma ipasavyo, ni Takadini ya Ben Hanson. Sekai amengoja mtoto kwa miaka mingi, na anapomzaa, mtoto ana ualbino. Mila inataka auawe, naye mama anambeba na kutoroka. Kwa miaka kadhaa niliifundisha kwa haraka, nikikimbilia matumizi ya lugha na muundo, kwa sababu katika darasa langu alikuwamo binti mwenye ualbino, aliyekaa dawati la mbele kutokana na uoni wake, nami niliogopa kumwumiza. Tunaishi kanda ambako watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa, na watoto wote darasani walilijua hilo kuliko nilivyodhani.

Siku moja yeye ndiye aliyeomba kusoma. Alikishika kitabu karibu kabisa na pua, akasoma kurasa nne za safari ya Sekai, polepole, bila kuruka neno, na darasa likawa kimya hata tukasikia kengele ya shule ya jirani. Alipomaliza alisema kwamba mama yake naye alihama kijiji. Tangu siku hiyo kipindi cha kwanza cha Takadini sifundishi chochote, tunasoma tu.

Kutoka Muscat

Kwa anayetaka kitu cha kumchangamsha, namshauri aanze na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wananitosha kwa wiki nzima, na Kiswahili chake kina utamu wa Unguja niliyoihama nikiwa mdogo. Namsomea kaka yangu kwa simu kila Ijumaa, sura mojamoja.

Kutoka Morogoro tena

Nawashukuru nyote. Mwalimu wa Mwanza, nakubali nilikosea kuusema mtihani namna ile, na Takadini nimeiagiza. Ndugu wa Unguja, Kuli nitaianza nikimaliza hii, na daftari la mama yako ulitunze vizuri, kwa maana mambo hayo hayamo katika kitabu chochote.

Simu ya binti yangu nimemrudishia. Juzi nilikikuta Rosa Mistika chumbani kwake, amekwisha kupita pale penye barua. Chini ya neno langu la penseli ameandika kwa wino wa buluu: "Kwa nini hakumuuliza kwanza?" Nimekirudisha kitabu palepale nilipokikuta, na jioni hii tutakaa naye tuzungumze.