Mkuku wa boti yangu ya faiba unalika kwa kupwelewa, naomba ushauri

KijanaWaJambiani

Asalaam alaykum wakuu, na shikamooni wazee wa bahari.

Nina boti ya faiba ya futi 19, mashine ya farasi 15. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na huu ni mwaka wa 2 ninayo. Asubuhi navua ndani ya mwamba, mchana wageni wakiwapo nawapeleka kuogelea kwenye matumbawe. Mnaoijua Jambiani mnaujua ufukwe wetu: siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) maji yakitoka, unakwenda kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Boti hupwelewa usiku na mchana, nitake nisitake.

Mwezi uliopita niliona inakuwa nzito na haikimbii kama zamani. Tukaipindua watu 8. Mkuku, yaani uti wa chini wa boti, kuanzia katikati mpaka tezi, upande wa nyuma, umelika. Rangi hakuna, jelikoti (lile ganda laini la juu ya faiba) hakuna, nyuzi za faiba zimetoka nje kama gunia kuukuu. Hiyo ni kazi ya mchanga, naielewa.

Lililoniuma zaidi lilikuja wiki mbili baadaye, kabla sijautengeneza mkuku. Nilitia nanga yangu ya nondo, ile ya meno manne, kwa kamba ya mita 8. Maji yalipopwa usiku, boti ikakaa juu ya nanga yake yenyewe. Jino moja likapenya tumboni, tundu la kupita kidole gumba. Maji yalipojaa alfajiri boti haikuelea. Nilipofika imezama mpaka kwenye mabao ya kukalia na mashine imekunywa maji ya chumvi. Ile mashine niliinunua kwa ng'ombe wawili alioniachia marehemu baba. Nilikaa mchangani mpaka jua likapanda, sikuwa na nguvu ya kumwita mtu.

Naomba mnieleze mambo mawili. Mkuku niuvishe nini usilike tena? Kuna wanaoniambia nipigilie mpira wa tairi. Na nanga niitie vipi pwani kama hii ya kupwa na kujaa?

FundiFaiba_Tanga

Pole sana kaka. Usikimbilie kuziba. Faiba iliyopoteza jelikoti hunywa maji pole pole, kwa hiyo uzito uliouona mwingine umo ndani ya faiba yenyewe. Rezini, ile gundi ya kushikanishia nyuzi za faiba, juu ya faiba yenye maji haishiki. Itaonekana imekauka vizuri, kisha itabanduka kama gamba na utalipa mara ya pili. Ioshe kwa maji matamu siku kadhaa, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu, halafu iache imepinduliwa penye upepo. Mimi hupima hivi: nabandika kipande cha nailoni angavu pale palipolika, naziba kingo zote kwa selotepu, nakiacha mpaka kesho. Nikikuta umande ndani ya nailoni, bado.

Tundu lenyewe usilijaze tu. Saga kingo zake ziwe na mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa faiba. Faiba ya milimita 6 inataka mteremko wa sentimita 7 hivi kila upande. Ndiyo, utaona unalipanua tundu dogo likawa kubwa, na roho itakuuma, lakini kiraka kinashikwa na huo mteremko. Kwa boti kuukuu natumia epoksi, hushika kuliko rezini ya kawaida. Ukiichagua, nunua kitambaa cha faiba kilichofumwa, si ile mati ya nyuzi zilizotawanywa. Mati nyingi zina gundi inayoyeyushwa na rezini ya kawaida, epoksi haiwezi.

Mpira wa tairi usipigilie. Nimebandua mingi. Mchanga huingia kati ya mpira na mkuku, ukatulia humo, na kila wimbi linausugua kama msasa usiouona. Na kila msumari ni mlango wa maji.

Ninachofanya mimi ni kuongeza tabaka 4 au 5 za faiba kwenye mkuku, kisha chini yake naweka ubao mgumu wa kulika, kwa mfano mvule, ambao ukiisha unabadilishwa bila kuigusa boti. Tundu za skrubu zitoboe kubwa kuliko skrubu, zijaze epoksi, ikikauka toboa tena katikati yake. Hapo skrubu haigusi faiba hata kidogo. Skrubu ziwe za stenlesi, vichwa vizame ndani ya ubao.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, pole, na baba yako Mungu amrehemu.

Fundi amesema kweli tupu, mimi naongeza la bahari. Chombo kilichokaa juu ya mchanga hakiumii. Kinachokiumiza ni ule muda mfupi kabla hakijakaa, na ule kabla hakijaelea, ambapo kila wimbi linakiinua shibiri moja na kukibwaga. Kwenu huko mashariki ya Unguja kusi ikivuma, kubwaga huko ni kwingi. Kwa hiyo tafuta mahali pa mchanga mtupu penye utulivu, na upajue kwa miguu yako. Nenda maji yakiwa yamepwa kabisa, ondoa kila jiwe, kila kombe la chaza, kisha tia alama yako. Boti ikalie hapo hapo kila siku.

Haiwezi kukalia hapo hapo kwa nanga moja, kwa maana itazunguka na upepo, na maji yakipungua kamba inalegea, boti inaijia nanga juu. Ndiyo yaliyokufika. Tia nanga ya omo, yaani ya mbele, upande wa bahari kuu, na ya tezi upande wa pwani, boti iwe katikati haiwezi kuifikia hata moja. Na kamba ya mita 8 ni fupi mno. Pima kina maji yakiwa yamejaa, si yakiwa yamepwa. Bamvua kubwa huku kwetu hukaribia mita 4 kati ya kupwa na kujaa. Kama hapo kina ni mita 3 maji yakijaa, na omo iko nusu mita juu ya maji, hiyo ni 3 na nusu. Zidisha kwa 5, unahitaji mita 17 na nusu, na mnyororo kidogo karibu na nanga.

Jambo la mwisho ni mwezi. Ukitaka kuipandisha boti juu kwa matengenezo, usiipandishe siku ya bamvua yenyewe maji yalipofika juu kabisa. Siku zinazofuata maji hayafiki pale, utangoja bamvua jingine, karibu wiki mbili. Ipandishe siku mbili tatu kabla. Tumia magogo ya mvinje chini yake, na gadi pande zote mbili isilale ubavu.

BiMwani

Mwanangu wa Jambiani, nami ni wa pwani hiyo hiyo, nalima mwani tangu nikiwa msichana. Kilimo hiki kilianza kwetu mwaka 1989.

Hakuna aliyetaja vijiti vyetu, tunavyofungia kamba za mwani. Nanga zenu zikikokota, zinapita katika mashamba, zinakata kamba na mwani wa mwezi mzima unaondoka na mkondo. Na vijiti vilivyovunjika vinabaki vimesimama chini ya maji, vikali, navyo vinatoboa boti. Hasara inatupata sote. Bamvua maji yanapwa saa nne asubuhi, na sisi tuko huko chini, kila shimo na kila jiwe tunalijua. Kabla hujachagua pa kuweka boti njoo utuulize. Upo mfereji wa mchanga kati ya mashamba, hatupandi humo kwa sababu mkondo una nguvu, lakini pembeni yake maji yametulia.

KijanaWaJambiani

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano.

Bi Mwani nilimtafuta, kumbe ni jirani wa shangazi yangu. Yeye na wenzake wawili walinipeleka mpaka kwenye mfereji, tukang'oa vijiti vilivyovunjika 31 pembeni yake. Nanga zangu sasa ni mbili kama alivyosema mzee, kamba mita 18 kila moja, na ile ya nondo nimeiacha nyumbani. Kila asubuhi naona alama ya mkuku mchangani, ipo mahali pale pale.

Nailoni ilitoa umande siku 9 mfululizo. Siku ya 10 ilikuwa kavu nikaanza kusaga. Mvule sikuupata, nimeweka mninga. Mashine ilifunguliwa siku ile ile ilipozama, ikaoshwa kwa maji matamu na kumwagiwa mafuta, na inawaka.

Fundi, swali moja: ubao umelika milimita 2 hivi upande wa tezi tu, kwa mbele haujaguswa. Ni uzito wa mashine, au boti inakalia tezi kwanza maji yakipwa?

FundiFaiba_Tanga

Vyote viwili. Inua mashine kabla maji hayajapwa, na tangi la mafuta lisogeze mbele. Kisha pima tena bamvua lijalo.