Mrejesho: yule Rantanen niliyeuliza kama nimuuze

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama nimuuze Mikko Rantanen, mchezaji wa hoki ya barafu ya NHL kule Marekani, kwenye ligi yetu ya fantasi ya washkaji (unapanga timu ya wachezaji wa kweli, wakifanya vizuri unapata pointi), maana Januari 2025 timu yake Colorado walimpeleka timu ya Carolina akawa hafungi sana. Mlinikataza, mimi mbishi nikampa jamaa wa Tabata kwa mabeki wawili, nikajiona mjanja kweli. Machi 7 Carolina nao wakampiga bei timu ya Dallas, akasaini miaka 8 dola milioni 96, halafu Mei kwenye mtoano, gemu ya 7 ya kuamua nani asonge mbele, akawatandika Colorado haohao hat-triki kipindi cha mwisho. Jumapili asubuhi mswaki uko mdomoni jamaa ananirushia klipu. Nimeomba anirudishie, anataka nimpe McDavid, staa mkubwa wa hoki, aende zake huko.