Ushauri: Mwenzetu hafiki sala ya alfajiri kwa sababu anachoma vitumbua, na agano letu linasema ahame

Binti wa Kihesa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumamosi tuna kikao na mimi ndiye kiongozi wa nyumba, naomba mnisaidie kabla ya hapo.

Tuko mabinti saba, wanafunzi wa chuo hapa Iringa, tumepanga nyumba moja Kihesa. Tulikutana mwaka wa kwanza kwenye ushirika wa wanafunzi, tukaona kuimba pamoja Jumapili hakututoshi, tukaamua kuishi kwa agano. Tulifunga siku tatu, tukaandika vipengele tisa kwenye kaunta buku, kila mmoja akatia saini. Sala ya pamoja saa 11 alfajiri. Kufunga kila Jumatano. Bumu (fedha ya mkopo wa chuo) likitoka, kila mtu anaweka kitu kwenye mfuko wa nyumba. Kutomsema mwenzako asipokuwepo, na hicho ndicho kimetulea kuliko vyote, maana mabinti saba kwenye choo kimoja bila hicho tungeshaumizana. Kipengele cha saba: anayekosa sala mara tatu kwa mwezi anaonywa, akirudia mwezi unaofuata anahama.

Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake mwezi wa pili. Ana wadogo wawili sekondari na mkopo wake ni nusu. Sasa anachoma vitumbua. Saa 10 usiku yuko uani anawasha jiko, na baridi ya Iringa mwezi wa sita mnaijua. Saa 12 ndoo imejaa, anakimbilia kituo cha daladala kuwawahi watu wa kazini.

Juzi nilitoka katikati ya sala kuchukua maji. Nikamkuta anageuza vitumbua kwa kijiti, kitenge kimefunika kichwa, anaimba lile lile pambio tunaloimba sebuleni, kwa sauti ya chini, nusu mstari nyuma yetu.

Wanne wanataka ahame kama tulivyoandika. Mmoja amenyamaza. Mwenyewe amesema ataondoka ili tusigombane. Usingizi umenipaa.

Mlinzi wa Zamu

Pole dada. Nitakuambia lisilopendeza. Mhubiri 5 inasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Nimeishi nyumba kama yenu. Tulimruhusu mmoja alale kwa sababu ya mitihani, akafuata wa pili, muhula ulipoisha tulibaki wawili tunaosali. Mlipieni hata kodi ya miezi mitatu chumba kingine, mpelekeeni unga, ila agano msiliguse.

Mama Wawili, Uyole

Mimi ni huyo wa vitumbua. Si huyo wenu, wa kwetu Mbeya, miaka mingi imepita. Niliondolewa kwenye nyumba ya maombi kwa kukosa mikesha, nilipokuwa namuuguza mama. Walinisindikiza kwa wimbo na kunikumbatia, na kweli walinipenda. Nilikaa miaka sita bila kuingia kwenye kikundi chochote cha Wakristo. Nilikuwa nafika kanisani nakaa benchi la mwisho, natoka kabla ya matangazo.

Dada, tenganisha mambo mawili. Kulala kwake ni kodi, na kodi analipa. Sala ni sala. Mkiviweka kwenye adhabu moja, maskini ndiye atakayehama kila mara.

Mzee wa Peramiho

Tumsifu Yesu Kristo. Wanangu, mimi nimelelewa na watawa Wabenedikto. Walifika Peramiho mwaka 1898, na huku kwetu kusini wametufundisha useremala, uchapaji na kusali kwa kengele. Kanuni wanayoifuata aliiandika Mtakatifu Benedikto karne ya 6, ina sura 73, na watu wameishi kwayo hadi leo. Kwa hiyo tusidhani kanuni hudumu kwa kutokuwa na nafasi ndani yake.

Sura ya 43 inahusu wanaochelewa sala. Adhabu ipo, sikatai. Lakini kwa sala ya usiku Benedikto anaagiza zaburi ya mwaliko, ile ya 95 katika Biblia zetu, isaliwe polepole sana, ili aliyechelewa aikute. Sura ya 50 ndiyo yenu hasa: ndugu anayefanya kazi mbali asiyeweza kufika kwa wakati, asali pale pale alipo kazini, akipiga magoti kwa kicho. Hahesabiwi kuwa amekosa. Na sura ya 48 inasema ndipo wanapokuwa wamonaki kweli, wanapoishi kwa kazi ya mikono yao.

Huyo binti yuko hatua kumi kutoka sebuleni na anaimba. Mnamhesabia amekosa nini?

Mjukuu wa Rungwe

Naongezea kwa upande wetu Wamoravian, tuliofikiwa Rungwe mwaka 1891. Kule Herrnhut, Ujerumani, Agosti 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku, kila mtu na saa yake ya kuomba, na maombi hayo ya zamu yaliendelea zaidi ya miaka 100. Hawakulazimika kukaa chumba kimoja. Mpeni zamu yake, iandikeni kwenye daftari na ihesabiwe kama ya wengine.

Binti wa Kihesa

Shikamoo Mzee wa Peramiho, na asanteni wote. Mama Wawili, nimekusoma mara tatu.

Kikao kilikwenda hadi saa 5 usiku. Niliwasomea ya sura ya 50. Aliyeandika kipengele cha saba kwa mkono wake alilia, akasema yeye aliogopa tu nyumba ivunjike kama Mlinzi alivyoeleza, na hofu hiyo siidharau. Tumefuta adhabu ya kuhama. Tumeandika kwamba aliye kazini alfajiri anasali alipo, na mmoja wetu anasali naye kwa zamu. Mmoja hajatia saini mpya. Tumemwachia muda.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu leo. Nilibeba kigoda na Biblia uani, nikamsomea Zaburi ya 63 kwa mwanga wa simu, yeye akawa anajaza vishimo vya kikaango. Nilisoma taratibu, maana alikuwa anasimama kila anapogeuza.